Doa Lile Msilifute

Vijana wangu, nakala mliyoniletea nimeiona. Fremu ni nzuri, kioo kinang'aa, na picha yangu mmeiharibu.

Mliniomba niandike maneno machache ya kuwausia wapiga picha chipukizi, myabandike ukutani kwenye maonyesho yenu. Nadhani mlitegemea bibi kizee awaambie kwamba mvumilivu hula mbivu, kisha arudi kulala. Sina usia wa namna hiyo. Nina hasira, na umri nilio nao unaniruhusu kuzisema bila kuomba radhi. Mmelifuta doa jeupe lililokuwa upande wa kushoto wa picha, mkaweka ukuta safi mahali pake. Mmefuta na vinyuzi vyeupe. Nani aliwatuma? Tulieni niwaeleze ni kitu gani mmekifuta.

Naitwa Tatu. Studio ya Baba ilikuwa Shinyanga mjini, karibu na soko, na mimi nililelewa humo katikati ya harufu ya dawa za kusafishia picha. Baba alinifundisha kazi mapema kwa sababu macho yake yalianza kuingia ukungu, akahitaji mtu wa kumwambia kama picha imetulia au imetikisika. Wanaume waliokuja kupiga picha za vitambulisho walikuwa wananiuliza, "Mwenye studio yuko wapi?" Nikiwajibu kwamba wamemkuta, wanacheka. Basi nikawa nawapiga picha wakiwa hivyo hivyo wanacheka, na picha ya kitambulisho ya mtu anayecheka ilikuwa haikubaliki ofisini. Walirudi mara ya pili wakiwa na adabu.

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya kwenye harusi ya mwalimu mmoja. Siku hizo kamera ilikuwa na mkanda wa filamu ndani, na kila ukipiga picha unauvuta, unajiviringa kwenye kijiti upande wa pili. Mkanda ukiisha, lazima uurudishe wote kwenye kopo lake ndipo ufungue mgongo wa kamera. Mimi nikafungua kabla ya kurudisha, mchana kweupe, mbele ya bibi harusi. Nilikimbia nyumbani nikilia kama niliyefiwa. Baba akaninyang'anya kamera, akaifunga, akaniburuta hadi chumba cha giza.

"Usilie kabla ya kusafisha," aliniambia. "Mwanga una pupa. Unakula tabaka za juu. Za ndani haufiki."

Akanielewesha kwa kitambaa: ukiviringa kitambaa kwenye kijiti kisha ukakimwagia wino, mizunguko ya nje italowa, ya ndani itabaki mikavu. Picha zilizopigwa mwanzo ndizo zinazokaa ndani kabisa. Kweli, tulipousafisha ule mkanda, wageni wote waliokuja mwishoni walikuwa wameungua, lakini bibi harusi akivalishwa alfajiri alikuwepo, mzima, na doa dogo tu ukingoni. Hilo likumbukeni. Nitalirudia mbele.

Sasa nije kwenye bendi. Katikati ya miaka ya sabini palikuwa na vijana wanne pale mjini waliojiita Makoroboi. Walipiga roki. Msiniulize waliipata wapi. Kwenye redio ya masafa mafupi na sahani za santuri zilizokwaruzika. Kiongozi wao alikuwa Shija, mpiga gitaa la solo, ambaye kazi yake halisi ilikuwa fundi umeme kwenye kinu cha kuchambua pamba. Amplifaya zao alizitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya redio, na zikiwashwa, kuku wa mtaa mzima walikuwa wanatawanyika. Alivaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, akitembea kwenye vumbi la Shinyanga unaona kichwa kinaelea juu ya watu. Nilimpenda kama msanii. Kama mtu, tutafika.

Walikuwa wanapiga bugi, yaani dansi la mchana, Jumamosi na Jumapili, na baada ya mavuno ya pamba walizunguka: Runzewe, Chato, hadi kambi za wachimbaji wa dhahabu nje ya Geita. Shija alikuja studio akamwambia Baba anataka mpiga picha wa kuongozana nao, atengeneze picha za matangazo. Baba akamwonyesha mimi. Shija akakuna kidevu.

"Huyu si binti?"

"Ni binti," Baba akasema. "Una mwingine?"

Hakuwa na mwingine. Mama yangu mdogo akapiga kelele wiki nzima kwamba nitaolewa na nani nikishazunguka na wahuni kwenye lori. Nikamjibu kwamba nitaolewa na asiyeogopa vumbi. Nikafunga mzigo.

Tulisafiri juu ya lori la pamba, tumekaa kwenye marobota. Hapo nikafanya kosa ambalo naamini hakuna mpiga picha wa nchi nyingine amewahi kulifanya. Nilisafisha mkanda mmoja njiani, nikautundika kwenye kamba juu ya marobota ukauke kwa upepo. Ulikauka vizuri, ukiwa umejaa nyuzi za pamba. Nilipochapa picha, kila mpigaji alikuwa amefunikwa na michirizi myeupe kuanzia juu hadi chini. Nilitaka kuzichana. Shija akazibandika Runzewe kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, na wazee wa Runzewe wakasimama mbele ya tangazo wakaangalia kwa muda mrefu, kisha mmoja akamwuliza Shija kwa heshima zote, "Baba, hii mvua mliipata mkipiga wimbo gani?" Aliombwa aurudie ule wimbo mara tatu. Mvua haikunyesha, ila tulipewa mbuzi.

Mnacheka. Lakini kwenye tangazo lile palikuwa na uongo mkubwa zaidi ya mvua, na uongo huo niliupiga mimi.

Makoroboi walikuwa wanaume wanne, lakini aliyepiga drams hakuwa mmoja wao. Alikuwa msichana. Aliitwa Nyanzala, mtoto wa wakulima wa Didia, miaka kama kumi na tisa. Alikuja mjini kufanya kibarua kinuni, akawa anagonga mapipa wakati wa mapumziko, Shija akamsikia. Nimewasikia wapiga drams wengi tangu siku zile. Mikono kama ile sijaiona tena.

Shija alimtaka, ila hakutaka aonekane. Alisema roki ni muziki wa kiume, watu wakiona binti ametanua miguu nyuma ya drams watarusha mawe, au watakuja kumtazama yeye badala ya gitaa. Nadhani hilo la pili ndilo lililomkosesha usingizi. Basi akashona magunia ya kinuni yakawa pazia, akalitundika mbele ya drams. Kila mara kabla ya dansi alisimama akatangaza:

"Ndugu zangu, mpiga drams wetu ana dawa ya kwao. Akitazamwa akiwa kazini, mkono unakufa! Atakayechungulia, shauri yake."

Kwingine wangemcheka. Kwetu Usukumani hakuna aliyeshangaa. Ngoma zetu za mashindano tangu enzi za babu zina waganga wake na dawa zake. Kundi moja huroga, lingine huzindika, na mpigaji kuwa na miiko ni jambo la kawaida kama jembe kuwa na mpini. Watu walikaa mbali na lile pazia kwa hiari yao. Wakampa aliye nyuma jina: Radi.

Na kwa kuwa tangazo lilihitaji sura, Shija akamchukua Maganga, utingo wa lori, mwenye mikono minene ya kubeba marobota, akamshikisha vijiti. Nikampiga picha. Nikaichapa. Chini Shija akaandika: RADI. Maganga hakuweza kugonga hata mlango kwa mpangilio.

Pale Chato, dansi lilipokwisha, wavuvi walimzunguka Maganga, wakamkumbatia, wakampa sato wanene waliofungwa kwa kamba. "Radi! Radi! Chukua, ule upate nguvu!" Maskini Maganga alisimama na samaki mikononi akitazama chini. Nusu saa baadaye nikamkuta Nyanzala nyuma ya lori, jasho halijamkauka, anawapara magamba samaki wale ili awapikie wote. Hakuna aliyemlazimisha. Hilo ndilo lililonichoma: kwamba hapakuhitajika mtu wa kumlazimisha.

"Nyanzala, hawa samaki ni wako," nikamwambia.

"Ni wa Radi, dada Tatu."

"Radi ni wewe."

Akaendelea kupara. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Mimi nikimaliza safari hii sijaonekana, narudi kwetu Didia kulima. Kama ni kufichwa nyuma ya gunia, si hata shambani gunia zipo? Sitashika tena vijiti."

Alisema bila kulia. Nilijua anamaanisha. Na nilijua kwamba ile picha ya Maganga, iliyoshikilia uongo wote usianguke, ilitoka kwenye kamera yangu.

Kambi ya wachimbaji ndiyo ilikuwa kituo cha mwisho. Dansi lilipigwa kwenye bohari la mabati la mgodi wa zamani. Bati mbili za paa zilikuwa zimeng'olewa, na saa nane mchana jua lilikuwa linashuka pale kwenye pengo moja kwa moja juu ya drams. Flashi sikuihitaji. Nikaweka mkanda mpya, nikajipenyeza pembeni mahali magunia mawili yalipoachana, nikangoja.

Hapa nipeni masikio, maana huu ndio ufundi. Mtu anayepiga drams mkimpiga picha ovyo, mikono itatoka kama moshi. Msimfukuze. Msikilizeni kwanza hadi miguu yenu ishike mdundo. Mkono wa mpigaji ukifika juu kabisa husimama, kitambo kidogo mno, kabla ya kushuka. Hapo ndipo mbonyeze. Nilihesabu, nikabonyeza mara nne. Halafu nikatoka mbele, nikamalizia picha zote zilizobaki kwa Shija, kwa kuwa siku ile alikuwa moto kwelikweli: aliruka na gitaa lake hadi wachimbaji waliotoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, na tope lao wakawa wanaruka naye. Zilikuwa picha bora nilizowahi kumpiga.

Lakini alikuwa ameniona pembeni ya pazia. Jenereta lilipozimwa, akaja nje nilipokuwa nafuta lenzi.

"Dada Tatu, hebu kamera."

"Ya nini?"

"Hebu, nimesema."

Akaichukua mkononi mwangu. Alikuwa fundi, vidude vya namna ile havikumpa shida. Akafungua mgongo wa kamera, akauelekeza juani, akanitazama usoni, akahesabu kwa sauti hadi tatu. Akaufunga. Akanirudishia.

"Sasa piga tena ya pazia," akasema. "Na ukitia neno mjini, Nyanzala hana bendi na wewe huna kazi."

Wenzake walicheka. Nilitaka kumpiga na ile kamera usoni, nasema kweli. Kisha nikamkumbuka Baba na kitambaa chake. Picha za mwanzo zinakaa ndani kabisa. Na picha za mwanzo zilikuwa za nani? Nikauma meno, nikainamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa, nikaifunga kamera katika khanga mbili na kuiweka katikati ya robota la pamba hadi Shinyanga. Njia nzima Shija aliimba.

Nilimwita Nyanzala chumba cha giza. Maji ya kusafishia niliyatoa kwenye mtungi uliozungushiwa gunia bichi, kwa kuwa joto la Shinyanga huyeyusha picha kama siagi. Mkanda ukatoka. Shija akiruka: ameungua. Shija akipiga magoti: ameungua. Shija, Shija, Shija, wote weusi tii, hakuna hata kucha. Ametumia jua la Geita kujichoma mwenyewe! Ndani kabisa alikuwepo Nyanzala: picha mbili za kwanza safi, ila mikono imetoka kama moshi; ya tatu ndiyo iliyoudaka mkono, na hapo mwanga ulikuwa umelamba upande mmoja tu ukachoka.

Nikaichapa. Kwenye sinia la dawa akaanza kutokea: kwanza vijiti, kisha mkono wa kulia juu, umesimama, halafu uso. Kulia kwake ukingo wa pazia la gunia. Kushoto doa jeupe kama maziwa yaliyomwagika. Na juu ya vyote vinyuzi vya pamba, maana nilikuwa nimelisahau lile robota nililofichia kamera.

Nyanzala akainama juu ya sinia.

"Kumbe nang'ata ulimi nikipiga," akasema. Kisha: "Ibandike."

"Shija atakufukuza."

"Yaya," akasema, yaani hapana. "Atanifukuza kutoka wapi? Hakuna anayejua nipo."

Sasa, studio yetu ilikuwa na kabati la kioo nje, la kuonyeshea kazi zetu nzuri, na Baba alikuwa na sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa: picha yenye doa haiingii kabatini. Nikamwambia kwamba hii inaingia. Akaisogeza karibu na pua, akaigeuzageuza dirishani.

"Ina doa, Tatu. Watu watasema siku hizi tunaunguza mikanda."

"Watakuja kuuliza, Baba. Nami nitawaambia nani aliiunguza."

Akairudisha mkononi mwangu, akaingia ndani. Lakini ufunguo wa kabati aliuacha juu ya meza.

Nikatoa picha zote za harusi, nikaweka picha moja. Chini nikaandika: NYANZALA WA DIDIA, MPIGA DRAMS WA MAKOROBOI. Hadi adhuhuri njia ilikuwa haipitiki. Wengine walinitukana kwamba naharibu mabinti wa watu. Mama yangu mdogo alijifungia ndani kwa aibu. Wengine walibishana kuhusu jambo moja tu: sasa ametazamwa, je, mkono utakufa?

Shija alikuja na Maganga wake, nadhani alimleta ili kabati livunjwe na mtu mwenye misuli.

"Toa hiyo takataka," akaniambia.

"Sitoi."

"Maganga, fungua hilo kabati."

Maganga akaitazama picha. Akamgeukia Shija, na sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia zaidi ya kusema "twende" na "shusha."

"Kaka, mimi nimechoka kupewa samaki wa mwenzangu," akasema. "Fungua mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Shija akatazama huku na huku, akaona kila mtu anamngoja, akaondoka na raizoni zake. Alifunga pazia Jumamosi kama kawaida. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya gitaa. Alianza mmoja, wakafuatia wote: "Toa gunia! Toa gunia! Tuone mkono!"

Shija akalianzisha gitaa kwa nguvu ili awazime. Nyuma ya pazia kimya. Alipiga peke yake, amplifaya zikinguruma, na bila drams ilikuwa kelele tu. Akasimama. Akageuka nyuma. Nilikuwa mbele, nilimwona midomo yake ikisema, "Piga," na nilisikia sauti ya Nyanzala ikijibu kutoka ndani ya gunia, kavu kabisa:

"Lishushe."

Alilishusha mwenyewe. Ilibidi. Nyanzala akakaa sawasawa, akainua mkono wa kulia juu, akausimamisha pale, akauacha watu wautazame hadi washibe. Halafu ukashuka.

Haukufa. Alipiga na Makoroboi misimu miwili bila pazia, Shija akamzoea na hata kujisifu kwamba yeye ndiye aliyemgundua. Bendi ikavunjika kama bendi zote zinavyovunjika, Nyanzala akaolewa, akarudi Didia kwa hiari yake.

Juzi nilipanda basi nikampelekea nakala yenu. Siku hizi sote wawili tunatembea na fimbo. Alikaa nayo kivulini, akavaa miwani, akaitazama hiyo kazi yenu safi isiyo na doa, isiyo na pamba. Na mlipokuwa mnasafisha, vijana wangu, mmefuta na ukingo wa lile gunia, mkidhani nalo ni uchafu.

"Huyu nani?" akaniuliza.

"Ni wewe, Nyanzala."

"Gunia langu liko wapi?" Akakigonga kioo kwa kidole, bado ana mdundo. "Hapa wameniwekea ukuta. Tatu, waambie, gunia likitolewa nani atajua kwamba nilitoka?"

Basi nimewaambia. Njooni Jumamosi mchukue picha yangu halisi kwa ajili ya maonyesho, ikiwa na pamba yake, na gunia lake, na doa la Shija. Mkiona haifai kuning'inizwa ukutani kwenu, mniambie. Kabati la kioo bado ninalo, na ufunguo ninao mimi.